Kila Neno Lina Ukoo: Kujenga Msamiati wa Kiingereza Tukiwa Garissa

Najua unajiuliza, imekuwaje makala kuhusu Kiingereza yakaingia katika jarida la Chama cha Kiswahili? Mhariri naye aliniuliza hivyo hivyo. Jibu langu ni fupi. Wengi wetu hapa shuleni tunalelewa kwa Kisomali, tunanunua na kuuza kwa Kiswahili, tunasoma duksi kwa Kiarabu, halafu tunatahiniwa kwa Kiingereza. Lugha nne, kichwa kimoja! Wapo wanaosema huo ni mzigo. Mimi nashikilia kwamba hizo tatu za kwanza ndizo ngazi ya kupandia hiyo ya nne, na ndilo jambo nitakalolieleza hapa. Ndugu zetu Wamunyoyaya na wale wa ng'ambo ya daraja, kule Madogo, nao wana lugha zao za nyumbani, lakini mengi ya nitakayosema yanawahusu pia.

Kuna mtindo umeshika sana katika vidato vyetu. Mwanafunzi anafungua kamusi, anachagua maneno marefu marefu yenye sauti ya kutisha, anayajaza kwenye daftari na kuyakariri usiku kucha. Siku ya insha anayamwaga yote. Sentensi inatoka hivi: "The ubiquitous goats perambulated until I was flabbergasted." Wenzake wanapiga makofi, ati huyu sasa ni profesa. Lakini hebu tuitafsiri sentensi hiyo polepole. Mbuzi waliotapakaa kila mahali walipunga upepo kwa matembezi ya starehe mpaka nikaduwaa. Jamani, ni mbuzi gani hao? Mbuzi wa Garissa hana muda wa kupunga upepo. Anatafuta katoni la kula! Anayesahihisha insha hapimi neno kwa rula. Anaangalia kama limekaa mahali pake, na neno lililokaa pasipo pake ni afadhali lisingeandikwa.

Jambo hili kwetu si la mzaha. Mnayajua yaliyotupata sisi wa Kaskazini Mashariki. Novemba 2014 basi lilishambuliwa kule Mandera, watu 28 wakauawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda kwao likizoni. Tarehe 2 Aprili 2015 maafa yakaja kwetu mjini, katika Chuo Kikuu, watu 148 wakapoteza maisha. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, katika kaunti yetu hii hii. Walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka, na wengine wakahamishwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Nani atamlaumu mtu kwa kuihofia roho yake? Hata hivyo pengo lilibaki. Mimi nilikuwa shule ya msingi wakati huo, na darasa letu lilikaa muhula mzima bila mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Hisabati alikuwa akipitia, anatuachia kitabu kimoja, anasema, "Someni wenyewe." Hivyo basi nikiandika juu ya kujifunza maneno bila mwalimu, siandiki juu ya anasa. Kwa shule nyingi za huku, hasa zile za mbali na mji, ndiyo njia iliyopo.

Swali linaloulizwa kila siku ni hili: maneno mangapi yanatosha? Wapo wanaodhani ni lazima uimeze kamusi nzima. La hasha! Mwaka 1953 Mwingereza mmoja kwa jina Michael West, aliyekuwa amefundisha kule Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Hayo peke yake hufunika takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Yaani ukifungua ukurasa wowote, maneno manne katika kila matano yanatoka humo. Mwaka 2000 mtaalamu wa New Zealand, Averil Coxhead, akatoa orodha nyingine ya koo 570 za maneno ya kitaaluma, ambazo hufunika asilimia 10 hivi ya vitabu vya masomo ya juu. Mwenzake Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba mtu anayetaka kusoma riwaya au gazeti bila kukwamakwama anahitaji koo kati ya 8,000 na 9,000. Hizo ni nyingi, sikatai. Lakini tazama zimehesabiwa kwa koo, si kwa neno moja moja. "Vary", "various", "variety", "variable", "variation", wote hao ni ndugu wa baba mmoja. Ukimjua mmoja vizuri, wengine utawakisia kwa sura. Na sisi watu wa huku, kama kuna kitu tunachokijua, ni kumwuliza mtu ukoo wake!

Sasa angalia lile kundi la Coxhead. Humo mna "factor", "indicate", "significant", "structure", "function". Hakuna atakayekupigia makofi kwa kutumia "factor". Lakini ndiyo maneno yanayojaza vitabu vyetu vya Bayolojia na Jiografia, na ndiyo yanayotuangusha. Hata maneno ya kuulizia maswali ni hivyo hivyo. "Account for" watu hudhani ni kuhesabu au kuorodhesha, kumbe ni kutoa sababu. "Distinguish" ni kutofautisha, kwa hivyo ukieleza upande mmoja tu ukanyamaza, hujajibu. "State" ni kutaja kwa ufupi, wala huhitaji nusu ukurasa. Nina rafiki anayejua barabara jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, anaweza kukueleza kwa Kisomali ukaelewa mara moja, lakini karatasi ikirudi alama ni chache. Yeye sayansi anaijua. Kilichomnyima alama ni "account for". Kwa maoni yangu, mtu asiguse "ubiquitous" kabla hajamaliza hesabu yake na maneno haya.

Kamusi nayo watu huiogopa bure. Ile kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi haikuandikiwa Waingereza. Chanzo chake ni mwalimu mmoja, A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Kiingereza nchini Japani. Yeye na wenzake wawili waliiandaa kamusi hiyo kwa ajili ya wageni wa lugha, ikatoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapisha mwaka 1948. Ndiyo maana inakuonyesha neno linatumikaje, kama nomino inahesabika au haihesabiki, na mifano ya sentensi. Longman nao walitoa yao mwaka 1978, na maelezo yake yote yakaandikwa kwa maneno kama 2,000 tu. Hebu fikiria maana yake. Mtu akishayajua hayo 2,000, kamusi nzima imefunguka mbele yake bila mtafsiri. Kwa hivyo anayeanza na maneno makubwa kabla ya madogo ni kama anayepanda dari kabla ya kujenga ukuta.

Tuje kwenye kiini. Kiingereza ni nyumba ya ghorofa. Chini wanakaa maneno ya kale ya Waingereza wenyewe, mafupi na ya kila siku. Juu wanakaa maneno yaliyotoka Kifaransa na Kilatini, marefu na ya kiofisi. Sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1066 watu wa Normandy, kutoka upande wa Ufaransa, waliivamia Uingereza wakaitawala. Kwa miaka mingi wakubwa walizungumza Kifaransa huku wachungaji na wakulima wakibaki na lugha yao. Matokeo yake yanafahamika hata na muuza nyama wa hapa mjini kama angeulizwa. Kondoo akiwa hai, akichungwa na mchungaji, ni "sheep". Akifika mezani kwa bwana amekuwa "mutton". Ng'ombe naye ni "cow" malishoni na "beef" kwenye sahani. Mbuzi yeye hakubadilishwa jina, amebaki "goat" nje na ndani. Huenda mabwana wale hawakujua utamu wake.

Ukishalijua hilo, maneno mengi yanajipanga yenyewe. "Sun" yuko chini, "solar" yuko juu, na "solar" hakuna asiyeijua hapa, maana kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilizinduliwa Desemba 2019. Vivyo hivyo "moon" na "lunar", "king" na "royal", "begin" na "commence", "ask" na "inquire". Si kwamba la juu ni bora. Ukimwambia mamako "I wish to commence eating" atadhani una homa. Kila moja lina mahali pake.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia, kwa sababu nacho ni nyumba ya ghorofa. Tuna "chakula" na tuna "maakuli". Tuna "kufa" na tuna "kufariki". Tuna "mtu" na tuna "binadamu". Moja ni la Kibantu, jingine limetoka Kiarabu, na kila mmoja wetu anajua bila kufundishwa kwamba mbuzi hafariki. Mbuzi hufa! Basi hisia hiyo hiyo inayokuzuia kusema "mbuzi amefariki" ndiyo ya kuipeleka kwenye Kiingereza. Kabla hujaandika neno la ghorofani jiulize, huyu ninayemwandika ni wa kufa au wa kufariki?

Halafu kuna ngazi ya pili, ile tuliyoipata duksi. Neno la Kiarabu hujengwa juu ya mzizi, mara nyingi herufi tatu, na kutoka mzizi huo huzaliwa ukoo mzima. Chukua mzizi wa ain, ra, fa, wenye maana ya kujua. Katika Kiswahili umetupa "arifu", "taarifa", "maarifa" na "maarufu". Sasa shangaa nami: neno la Kiingereza "tariff", yaani orodha ya bei au ushuru, limetoka katika mzizi huo huo, likipitia Italia. Kwa hivyo "taarifa" na "tariff" ni binamu. "Monsoon", pepo zinazoleta mvua, limetoka "mawsim" la Kiarabu, na sisi tunalo kama "msimu". "Coffee" ni "qahwa", kwetu kahawa, kwa Kisomali "qaxwo". "Algebra" ni "al-jabr", neno lililokuwa katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, na jina lake yeye mwenyewe ndilo lililogeuka "algorithm". Wanaosema Hesabu ni ya wazungu na wamwulize al-Khwarizmi.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "magazine". Asili yake ni "makhazin", maghala ya kuwekea mali. Ndugu yake katika Kiswahili ni "hazina". Jarida ni ghala la habari, na ile ya bunduki ni ghala la risasi. Maana mbili zilizokuwa zikinitatiza zikaelewana papo hapo nilipojua ukoo wao.

Kisomali nacho kimejaa jamaa hao. "Qaamuus" ni kamusi, "xisaab" ni hesabu, "cilmi" ni elimu, "maxkamad" ni mahakama, "sharci" ni sheria, "sabab" ni sababu. Wasiosoma Kisomali wafahamu kwamba tangu kilipoanza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, "x" ni ile ha ya kooni na "c" ni ain. Mwanafunzi wa huku anayelalamika kwamba Kiswahili ni kigeni kabisa kwake ameketi juu ya kisima huku akilia kiu. Hata "safari", ambalo Waingereza wamelichukua kutoka kwetu na kulitia katika kamusi zao, ni "safar" ya Kiarabu na ya Kisomali.

Ila tahadhari. Wapo maneno wanaofanana sura na si ndugu. Kwa Kisomali "fasax" ni ruhusa au likizo. Kwa Kiswahili "fasaha" ni usemi safi na mzuri. Mwalimu akisema "zungumza kwa ufasaha," hajafunga shule! Kwa hivyo kufanana kukupe dhana tu, kisha kamusi ithibitishe.

Mizizi ya Kilatini na Kigiriki nitaipitia upesi, maana vitabu vya kiada vinayo. "Port" ni kubeba, ndiyo iliyozaa "import", "export", "transport" na "portable". "Geo" ni ardhi, "bio" ni uhai, "graph" ni kuandika au kuchora. Mizizi thelathini ya namna hiyo ikikaa kichwani, nusu ya maneno ya sayansi hayatakushtua tena.

Sasa, kujua ukoo wa neno ni jambo moja, kulikalisha kichwani ni jingine. Nina binamu anayechunga upande wa Balambala. Hajaingia darasani hata siku moja. Mwulize habari za ngamia. Atakwambia "geel" ni ngamia kwa jumla, "hal" ni jike, "awr" ni dume wa kubeba mizigo, "baarqab" ni dume la mbegu, "nirig" ni ndama, "qaalin" ni jike kijana asiyezaa bado. (Msichanganye "qaalin" na "qalin", ambayo ni kalamu. Irabu moja ikifupishwa, mnyama amekuwa cha kuandikia.) Mbona hasahau hata moja? Hakuyakariri. Kila neno lilimjia likiwa na mnyama mbele yake, likarudi kesho, likarudi kesho kutwa, na akilikosea wanamcheka. Neno lilikuja na kazi yake. Maneno ya Kiingereza sisi tunayaleta uchi, neno na tafsiri, neno na tafsiri, kisha tunashangaa yanapotoroka.

Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alilichunguza jambo la kusahau kwa kujipima mwenyewe, akachapisha kitabu mwaka 1885. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, halafu kasi inapungua. Kwa hivyo dawa ni kulirudia neno mapema, kisha kuachanisha marudio kidogo kidogo. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, akaja na kisanduku cha kadi katika miaka ya 1970. Mimi changu nimekitengeneza kwa katoni la sabuni, nimeligawa vyumba vitatu kwa vipande vya boksi. Kadi mpya zinakaa chumba cha kwanza na ninazipitia kila siku. Nikilikumbuka neno, kadi inahamia chumba cha pili, cha kila siku ya tatu. Likikumbukwa tena, linaenda cha tatu, cha kila Ijumaa. Likisahaulika, hata kama lilikuwa limefika Ijumaa, linarudi chumba cha kwanza bila huruma. Kadi mpya tano tu kwa siku. Tano zinaonekana chache, lakini haba na haba hujaza kibaba: tano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Hiyo ni karibu orodha nzima ya West, na gharama yake ni katoni na mkasi.

Muhimu ni unachoandika kwenye kadi. Usiandike neno upande mmoja na tafsiri yake moja upande wa pili. Sababu ni kwamba lugha hazigawani dunia sawasawa. Chukua "kuazima". Kwa Kiswahili anayetoa anaazima na anayepokea anaazima. Kiingereza kinawatenga: anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Ndiyo maana darasani unasikia "Borrow me your pen" asubuhi hadi jioni. Mwenye kadi iliyoandikwa "borrow = azima" atalirudia kosa hilo hadi uzeeni. Lakini Kiswahili hicho hicho kina "kukopa" na "kukopesha", na hapo tofauti iko wazi. Basi mimi upande wa mbele naandika sentensi yenye pengo, na upande wa nyuma naandika neno, ndugu zake wawili watatu, na rafiki zake.

Rafiki zake? Naam. Maneno yana rafiki wanaotembea nao. Katika Kiswahili tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Mgeni akisema "natengeneza simu" akimaanisha anapiga, tutacheka. Kiingereza nacho kina mapigo yake. Kosa ni "make a mistake", wala si "do". Uhalifu ni "commit a crime". Mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind", na ukiwabadilishana vivumishi hao Mwingereza atakuelewa lakini atatabasamu. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE kuna kifungu chenye mapengo cha alama 10. Ukikitazama vizuri utaona mapengo mengi yanataka rafiki wa neno lililo jirani. Asiyejua urafiki huo atabahatisha tu.

Na marafiki hao hawapatikani katika orodha. Wanapatikana katika kusoma. Msiniambie hakuna vitabu. Mji huu ndio uliokuwa na maktaba ya ngamia: mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianza kupakia vitabu juu ya ngamia kutoka hapa Garissa kuwapelekea watu wa vijijini na wafugaji. Kama kitabu kiliweza kupanda ngamia kumfuata msomaji, sisi tunaolala mjini tunashindwaje kuvuka barabara? Na pale kibandani kwa mama yangu, anapouza maziwa, magazeti makuukuu hayakosekani. Mimi huchukua ukurasa mmoja, nasoma habari ambayo tayari nimeisikia kwa Kisomali au Kiswahili. Habari ukiijua, maneno mageni yanajieleza. Afadhali ukurasa mmoja unaoelewa robo tatu yake kuliko riwaya nene unayoibeba watu wakuone.

Mtu atakayeniambia kwamba mtoto wa Kisomali hawezi kufika mbali kwa Kiingereza, nitampa jina moja: Nuruddin Farah. Alizaliwa Baidoa mwaka 1945, wakati Kisomali hakijapata maandishi rasmi, akasoma shule kule Ogaden. Riwaya yake ya kwanza, "From a Crooked Rib", ilitoka mwaka 1970, nayo inamhusu Ebla, msichana wa wafugaji anayetoroka ndoa ya kulazimishwa. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya Neustadt kule Marekani. Kiingereza cha riwaya hiyo ni chepesi kabisa, na watakaotafuta humo maneno ya kutisha watavunjika moyo. Msichana anaondoka kambini, na unaelewa kila neno, na bado unaogopa pamoja naye.

Kwa wanaotaka kuanza leo, nawaachia maneno matano ya Kiingereza yenye damu ya Kiarabu: "zero", "cotton", "sugar", "lemon" na "admiral". La kwanza ni jepesi, jina lake la Kiswahili linajulikana na kila anayefanya Hesabu. La mwisho litawasumbua kidogo. Waulizeni walimu wenu wa duksi na wa Somo la Dini, na muwe na kamusi mkononi. Majibu yaletwe kwenye kikao cha Chama, kadi moja kwa kila neno, sentensi mbele na ukoo nyuma. Katoni ninalo la ziada.